Kuvu na Meko katika Nyumba za Nakuru

Kuvu huota ukutani pale unyevu unapokaa bila kupata joto wala hewa. Katika Bonde la Ufa la kati mahali kama hapo hapakosekani: jiji la Nakuru liko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo inakaribia mita 2,500, na usiku wa Julai baridi hupenya hadi chini ya blanketi. Mvua ni ile ile iliyowanyeshea mababu. Kilichobadilika ni nyumba, na hasa mahali pa moto.

Wakazi wa kale waliujua unyevu na wakajenga kwa kuuhesabu. Kwenye kilima cha Hyrax Hill hapo Nakuru, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, yapo mabaki ya mazizi yaliyodidimizwa ardhini, maarufu kama mashimo ya Sirikwa, pamoja na nyumba zilizoshikamana nayo. Mlango wa zizi uliangalia mteremko, na samadi ikatupwa upande huo huo wa chini. Wakalenjin walijenga nyumba za msonge zenye kuta za fito na udongo, Wamaasai nyumba fupi za fito zilizokandikwa samadi. Ufa ukitokea baada ya mvua, mama mwenye nyumba aliukandika siku hiyo hiyo. Katikati ya yote palikuwa na meko. Moto haukuzimika kabisa, joto lake lilikausha kuta, na moshi uliopenya kwenye nyasi za paa uliacha masizi yaliyozuia kuvu na kufukuza wadudu. Wimbi lililowekwa darini juu ya meko lilikaa kavu hadi msimu wa kupanda. Ulinzi huo ulilipiwa kwa macho mekundu na vifua vya kikohozi, hasa vya wanawake na watoto, na hilo lisisahauliwe na anayeisifu nyumba ya zamani.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mji ukatangazwa rasmi. Pamoja na reli yalikuja mabati na landi za wafanyakazi: safu za vyumba, kila kimoja kikilaza watu wengi. Paa la mabati halipumui kama nyasi. Usiku hupoa haraka, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone upande wa ndani; alfajiri bati hutoka jasho, na jasho hilo hudondokea godoro na pembe za ukuta. Mitaa ya baraza la mji iliyofuata, kama Bondeni na Kaloleni, iliirithi shida hiyo.

Upande wa nyanda za juu za Mau, huko Elburgon na Molo, nyumba zilikuwa za mbao. Mutarakwa, mti wenye mafuta yanayozuia kuoza, ulitoa nguzo zinazodumu miongo mingi hata zikichimbiwa ardhini. Walowezi waliinua sakafu juu ya nguzo ili hewa ipite chini, wakajenga na mahali pa moto penye bomba la moshi sebuleni. Baada ya uhuru, mashamba yao yalipogawanywa, familia nyingi zilianza maisha kwa nyumba za mabanzi. Upepo wa Mau ulipopita kati ya mabanzi, watu waliyabandika magazeti kwa gundi ya unga wa ngano. Baridi ilipungua, lakini karatasi na wanga ni chakula kizuri cha kuvu, na katika miezi ya mvua ukuta ulianza kuota madoa nyuma ya habari za mwaka uliopita.

Kisha yakaja mawe. Mawe ya Nakuru ni jivu la volkano lililoshikana: ni mepesi, huchongeka vizuri, lakini hunywa maji. Msingi usiotandikwa karatasi ya kuzuia unyevu huyapandisha maji ya ardhini hadi karibu mita moja ukutani. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilidai matundu ya hewa yasiyofungwa, na ndiyo yale yanayoonekana juu ya madirisha ya nyumba nyingi. Wapangaji huyaziba kwa makaratasi na matambara kwa sababu ya baridi. Wakati huo huo gesi imechukua nafasi ya kuni na makaa katika nyumba nyingi. Haina moshi, na hiyo ni neema kubwa kwa vifua, lakini mtungi wa kilo 6 ukiungua wote hutoa mvuke wa maji unaofikia lita 9 hivi. Moto umerudi ndani ukiwa na maji yake, ilhali njia ya kuyatoa imezibwa.

Ukaguzi mzuri huanza kwa pua, kisha nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje, chini ya sinki, na darini chini ya gata iliyoziba. Unga mweupe unaomumunyika ukilowa maji ni chumvi iliyosukumwa na unyevu kutoka ndani ya jiwe; doa jeusi au la kijani linalopakaa kidoleni ni kuvu. Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani pande zote kwa siku 2 husaidia kujua chanzo: matone yakiwa nyuma yake, maji yanatoka ukutani, yakiwa mbele, yanatoka hewani mwa chumba. La kwanza humhitaji fundi wa msingi au wa paa. La pili hutibiwa kwa kuzibua matundu, kufungua madirisha wakati wa kupika na kusogeza fanicha mbali na ukuta.

Tangu miaka ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa nayo yamepanda na kuzifikia nyumba. Mwaka 2020 Ziwa Naivasha liliingia mtaa wa Kihoto, na Ziwa Nakuru likamega makazi ya upande wa Mwariki. Kitu kilicholowa huweza kuanza kuota kuvu ndani ya saa 24 hadi 48, lakini ukuta wa mawe uliosimama majini huchukua miezi kukauka. Plasta iliyolowa hubanduliwa, jiwe likaachwa wazi lipigwe na upepo, na mwishoni hupakwa chokaa, kwa kuwa chokaa huruhusu unyevu uliobaki kutoka. Rangi ya mafuta ikipakwa mapema huufungia ndani, na baada ya msimu mmoja hubanduka ikiwa na kuvu mgongoni.