Supu Isiyojulikana Kwao

Kila Jumatano, kipindi cha asubuhi kikiisha, nilikuwa nakimbilia mgahawa mmoja wa kichochoroni jijini Taipei. Una meza sita, viti vya plastiki na foleni ya watu wa maofisini. Kwa dola 130 za Taiwan, mwanafunzi wa kuhesabu posho kama mimi nilipata bakuli la tambi za ngano na minofu ya ng'ombe katika supu nyekundu yenye pilipili. Majani ya haradali yaliyochachushwa yalikuwa mezani, unajitilia bure.

Kibao cha mlangoni kilisema "Ladha ya Sichuan". Nikaamini supu ile imetoka China bara. Siku moja wateja walipopungua, nilimwuliza mwenye mgahawa. Alicheka. Baba yake ndiye aliyetoka Sichuan, alisema. Supu ilizaliwa hapa.

Mwaka 1949, Kuomintang iliposhindwa vita na Wakomunisti, serikali yake ilikimbilia Taiwan, na pamoja nayo zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanajeshi. Walikaa katika vijiji vya kijeshi wakiahidiwa kwamba wangerudi kwao karibuni. Miaka ikapita. Huko Gangshan, kusini mwa kisiwa, waliotoka Sichuan walianza kutengeneza rojo la maharage na pilipili ili wasisahau kwao. Ngano ililetwa kwa wingi na msaada wa Marekani, uliodumu tangu 1951 hadi 1965. Nyama nayo ilikuwa na mambo yake: wakulima wengi wenyeji hawakula ng'ombe, kwa kuwa ndiye aliyewavutia plau shambani. Mpaka leo wapo wazee wasiomgusa.

Kwa hiyo bakuli langu la bei nafuu lilikuwa na askari aliyekwama, ngano ya msaada na mwiko uliovunjwa.

Ruhusa ya kwenda kuwaona ndugu China bara ilitolewa Novemba 1987, baada ya miaka 38. Baba wa mwenye mgahawa alikwenda mwaka uliofuata. Alimkuta mama yake kaburini. Akaingia jikoni kwa mdogo wake, akawapikia ndugu supu aliyoipika ugenini nusu ya maisha yake. Wakala, wakamsifu, kisha wakamwuliza: hiki ni chakula cha wapi?

Mwenye mgahawa alisimulia hayo huku akifuta meza, kisha akaenda kuhudumia mteja.

Nilikaa nikiifikiria pilau ninayowapikia wenzangu bwenini. Vitunguu vikinishinda kukaanga mpaka vikolee, huipa rangi kwa mchuzi wa soya. Wenzangu huisifu. Huwaambia ndiyo pilau ya kwetu Tanga.

Mama bado hajaionja.