Swali la Kemia na Maji ya Nakuru

Haikosi kutajwa, miongoni mwa mambo ambayo simu imeyaleta katika Bonde la Ufa la kati, kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu aliye Njoro au Rongai, ambaye shule yake ina maabara haba na mwalimu wa kemia aliyelemewa na madarasa, aweza leo usiku kupeleka swali lake kwa jamaa ya watu asiowajua, na kabla hajalala akapata jawabu kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Bara Hindi. Wako walimu wanaoliona jambo hilo kuwa ni msiba, na wako wazazi wanaoliona kuwa ni rehema. Nami nadai kwamba hukumu yake haitolewi kwa kutazama chombo, bali kwa kulitazama swali lenyewe, kama limekuja na habari za mahali lilikotoka au limekuja tupu.

Tutwae maji. Visima vingi vya Nakuru na viunga vyake vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka, na athari yake yaonekana dhahiri katika meno ya kahawia ya watu waliokulia huko. Mtoto aliyefundishwa kwamba ugumu wa muda wa maji huondoka kwa kuchemsha, akiuliza kama floraidi nayo huondoka vivyo hivyo, ni rahisi ajibiwe na mwenye haraka kwamba ndiyo, ilhali ukweli ni kinyume chake, kwani floraidi haipandi pamoja na mvuke, ila husalia sufuriani, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo inavyozidi kukolea. Na hata anayejibu sawasawa, akikomea hapo, ametoa nusu ya elimu. Nusu ya pili imo katika miamba: maji yaliyopita katika mawe ya volkano ya bonde hili aghalabu huchukua sodiamu na baikaboneti kwa wingi, na kalsiamu kwa uchache, na kwa kuwa kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi na kuituamisha, maana chumvi ya hizo mbili huyeyuka kwa shida sana, uchache wake huiacha floraidi huru majini. Somo la umumunyifu, ambalo wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau mwezi wa pili, hapo huwa habari ya kisima cha nyumbani. Hapo pia hufahamika kwa nini Jimbo Katoliki la Nakuru lilichagua makaa ya mifupa kuwa chujio la maji, kwani mfupa, kwa sehemu yake kubwa, ni fosfati ya kalsiamu, na floraidi hushikamana nayo.

Mtu wa mbali hana namna ya kuyajua hayo ila kwa kuarifiwa na aliye karibu. Kwa sababu hiyo nausifu mwendo wa Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyefundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru, akatunukiwa mjini Dubai mwaka 2019 tuzo ya mwalimu bora duniani. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Basi yeye alikuwa akienda saiba, akayahifadhi masomo aliyoyakuta huko, kisha akayatumia darasani pasipo mtandao, hata elimu ya ugenini ikawafikia watoto kwa mkono wa mtu aliyezijua nyumba zao. Wanafunzi wake walipata tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao, na sidhani kama mgeni yeyote, hata angekuwa hodari namna gani, angaliweza kuwabunia swali hilo.

Wapinzani husema kwamba msaada huu ni mlango wa udanganyifu, na insafu yataka tukiri kwamba hofu yao ina asili, kwa kuwa bodi ya Baraza la Mitihani la Kenya ilivunjwa mwaka 2016 baada ya mitihani kuvuja. Lakini kemia ya kidato cha nne ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo: aliyezoea kupokea majawabu yaliyokwisha kupikwa hufedheheka mbele ya bureti.

Dawa, kwa maoni yangu, iko Njoro penyewe. Chuo cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kina wanafunzi wa kemia ambao wangeweza kupewa zamu ya kujibu maswali ya shule za jirani, kwa sharti kwamba jibu la kwanza liwe ni kumwuliza muulizaji amejaribu nini na maji yake ameyateka wapi. Zamu hiyo ihesabiwe katika alama zao za shahada, na wahadhiri watakaoona kwamba huko ni kuwapotezea vijana wakati, basi waeleze ni vipi kijana atahitimu kemia asiweze kumfahamisha mtoto wa jirani sababu ya meno yake kuwa kahawia.