Tanga, jiji la reli na mkonge

Anayeingia Tanga kutoka Segera hupokewa na mkonge kabla hajaiona bahari. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika pwani hii ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa katani duniani.

Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ilienda kwa kusuasua: ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mpaka leo ndiyo inayoukata mji. Upande wa bandari yamebaki majengo ya Wajerumani, kuta nene na varanda ndefu, mengine yamechoka mno kwa chumvi ya bahari. Ukivuka reli uko Ngamiani, ambako mitaa imepewa namba, barabara ya kwanza, ya pili na kuendelea, na baiskeli zinapita pande zote. Mimi nilikaa zaidi Ngamiani.

Reli hiyo ndiyo iliyoamua vita vya Novemba 1914, Waingereza walipotaka kuwapokonya Wajerumani mji huu. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India na kuwateremsha Raskazone. Lakini walikuwa wamepoteza muda kwa kuwatangazia Wajerumani kwamba wanakuja, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akautumia muda huo kushusha vikosi vyake kwa treni kutoka Moshi. Alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Wenyeji husimulia zaidi habari za nyuki waliowavamia wapiganaji vichakani, na kweli nyuki walikuwepo. Hata hivyo, bila treni ile mji ungetekwa. Tarehe 5 Waingereza waliondoka, wakaacha bunduki nyingi ufukweni.

Vita hivyo vimeandikwa sana. Walioubeba uchumi wa Tanga kwa miongo kadhaa wameandikwa kidogo, na hilo linaniuma. Ni manamba: vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Unyamwezi, hata Burundi na Msumbiji. Walilala kambini, wakakata mkonge kwa ngwe tangu alfajiri, miiba ikiwachoma mikono, na majani yakapelekwa korona, yaani kiwanda cha mkonge, kutolewa singa. Kila siku ya kazi iliwekwa alama kwenye kadi iliyoitwa kipande. Mshahara ulisubiri siku 30 za kazi zitimie, na siku ya kuugua haikuhesabiwa.

Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na korona moja baada ya nyingine ikanyamaza. Manamba wengi hawakurudi walikotoka. Walioa, wakalima mahindi na michungwa, wakazikwa Muheza na Korogwe, na wajukuu wao ni watu wa Tanga.