Hiya si Baridi: Historia ya Joto katika Unywaji wa Sake

Watu wanaofahamu kidogo kuhusu sake, pombe ya mchele ya Wajapani, huirudia kanuni moja: iliyo bora hunywewa baridi, iliyo duni hupashwa moto ili kuficha kasoro zake. Husemwa kana kwamba ni mila ya kale. Ninashikilia kwamba kanuni hiyo ni zao la karne ya 20, na ushahidi wa kwanza umo katika lugha yenyewe.

Kijapani kina neno hiya. Maana yake ya msingi ni ubaridi, lakini kwa wanywaji wa sake ni ile isiyopashwa moto, yenye joto la chumba tu. Iliyopozwa hasa huitwa reishu. Kwa nini kisicho baridi kiitwe baridi? Kwa sababu jina lilitangulia jokofu. Mnywaji wa zamani alichagua kati ya iliyopashwa na isiyopashwa, basi. Hata kupasha kwenyewe kuna ngazi: hitohada, yaani ngozi ya mtu, ni kama nyuzi joto 35, nurukan, vuguvugu, ni kama 40, atsukan ni kama 50.

Maandishi yanakubaliana na lugha. Mwaka 1713 Kaibara Ekiken, katika kitabu chake cha afya Yōjōkun, aliwashauri wasomaji wanywe sake ya vuguvugu, majira ya joto na ya baridi pia. Wakati huo sake ya Itami na Nada ilisafirishwa kwa meli hadi Edo, Tokyo ya leo, katika mapipa ya mbao. Hiyo ilikuwa sake yenye sifa kubwa mjini, na watu waliipasha. Walikuwa wakificha nini? Hapa Uganda mnywaji wa malwa huongeza maji ya moto chunguni, wala hakuna anayemshuku.

Mambo yaligeuka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mchele ulipoadimika, watengenezaji walianza kuongeza spiriti, na baada ya vita ikaenea sake iliyozidishwa mara tatu kwa spiriti, sukari na asidi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kupasha moto kulipopata jina baya, kwa kuwa kilichokuwa kikipashwa kilikuwa kibaya. Kisha, katika miaka ya 1980, ginjo ikapendwa sana. Mchele wake hukobolewa hadi asilimia 60 au chini ya hapo, na harufu yake, kama ya ndizi au tufaha, hupotea ikipashwa sana. Kwa ginjo, kanuni ya baridi ina mantiki. Kosa ni kuitwika sake yote.

Mwaka 2006 sheria ya kodi ya pombe ilirekebishwa, na ile iliyozidishwa mara tatu haikuweza tena kuuzwa kwa jina la kisheria la sake.

Mimi situmii pombe, lakini wanaoandika kuhusu meza ya Kijapani hutenganisha mambo haya vizuri. Ginjo ya baridi huwekwa pamoja na samaki mbichi, ili harufu yake isizimwe na chakula kizito. Junmai, sake isiyoongezwa spiriti, hupashwa hadi vuguvugu, ladha yake ya mchele ikajitokeza, ikaandamana na samaki wa kuchoma au oden, chakula cha majira ya baridi cha figili, mayai na maandazi ya samaki yaliyochemshwa polepole katika mchuzi.