Florence Claxton na Ukuta wa Mila

Katika zama za Malkia Victoria, binti wa Kiingereza aliyejaliwa kipaji cha kuchora aliachiwa kukitumia sebuleni kwa kuwafurahisha wageni, lakini milango ya skuli za Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini London ilikuwa imekomewa mbele yake. Na mwaka 1859, wanawake wachoraji walipoandika waraka kuomba wafunguliwe, miongoni mwa waliotia saini alikuwamo Florence Claxton. Mwaka uliofuata Laura Herford alipeleka mchoro wake akiandika herufi za mwanzo tu za majina yake, na wakubwa wa chuo, wakidhani ni mwanamume, wakamkubali.

Florence alikuwa amefundishwa na baba yake, Marshall Claxton, mchoraji aliyesafiri na jamaa zake hadi Sydney mwaka 1850, na baadaye India. Aliporejea Uingereza akawa akiyachorea majarida picha za mzaha za karamu na posa, mambo ambayo kila msomaji aliyaona kwake asiyatie maanani. Wala hakuwasaza wanawake wenzake, kwani baadaye alitoa kitabu kizima cha picha kumhusu mwanamke anayezitafuta haki zake.

Kazi yake ninayoistahi kuliko zote ni picha aliyoionyesha London mwaka 1861, akaiita Kazi ya Mwanamke. Wanaume wa rika mbalimbali wamestarehe juu ya kochi, wanawake wamewazunguka kama waja mbele ya sanamu, na peremende zinadondoka kutoka kisandukuni, ndiyo ishara ya maneno matupu yaliyodhaniwa kuwa kadiri ya akili ya mwanamke. Mbele yao walimu watatu wa kike wanamgombania mtoto mmoja wa kumfunza, wasitambue kwamba nyuma yao ukuta wa mila umebomoka, na njia ya kuhamia ng'ambo iko wazi. Aliyepata kuwaona watu wenye elimu wakigombea kibarua kimoja ataelewa kwa nini kicheko hiki kinachoma. Juu ya ukuta, penye miiba ya dhihaka, amekwisha kufika Rosa Bonheur, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa.

Pembeni, mwanamke amejibwaga hoi kwenye mlango ambao ufunguo wake wanao matabibu, na tabibu anamcheka, asione kwamba mbao za mlango ule zimeoza. Miaka minne baadaye, mwaka 1865, mwanamke aitwaye Elizabeth Garrett alipata idhini ya kutabibu mjini London.