Akiba haiozi: Divock Origi na mjadala wa thamani ya mchezaji wa akiba

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Katika ulimwengu wa kandanda, ni wachezaji wachache walioithibitisha methali hiyo kama Divock Okoth Origi, mshambulizi wa Ubelgiji mwenye asili ya Kenya aliyeichezea Liverpool ya Uingereza hadi mwaka 2022. Hata hivyo, ni wachache pia waliozua mabishano makali kama yeye miongoni mwa mashabiki wa klabu moja.

Kwa miaka kadhaa, swali lilikuwa lile lile, iwe ni katika mitaa ya Liverpool au katika vibanda vya kutazamia soka Nairobi, Kisumu na Mombasa: je, mchezaji anayekaa benchi wiki baada ya wiki, kisha anaingia na kufunga bao linalobaki katika historia, anastahili kubakizwa au kuuzwa? Makala haya yanaeleza chimbuko la mjadala huo, hoja za pande zote mbili na mambo yanayopaswa kupimwa kabla ya shabiki kutoa hukumu.

Asili yake

Origi alizaliwa Aprili 18, 1995 mjini Ostend, Ubelgiji. Babake, Mike Okoth Origi, aliichezea timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, na alikuwa katika kikosi cha Genk kilichotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Ubelgiji mwaka 1999. Ami yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia iliyonyakua Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kwa kuishinda Esperance ya Tunisia kwa kanuni ya mabao ya ugenini.

Kijana huyo alilelewa katika chuo cha soka cha Genk kabla ya kuhamia Lille ya Ufaransa mwaka 2010. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 19, aliifungia Ubelgiji bao la pekee dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia nchini Brazil. Mwezi uliofuata Liverpool ilimnunua kwa takriban pauni milioni 10, ikamwacha Lille kwa mkopo wa msimu mmoja.

Msimu wa 2015-16 ulionyesha dalili njema. Alifunga mabao matatu dhidi ya Southampton katika ushindi wa 6-1 wa Kombe la Ligi, na akacheka na nyavu za Borussia Dortmund katika mikondo yote miwili ya robo-fainali ya Ligi ya Uropa. Lakini Aprili 2016 aliumia vibaya kifundo cha mguu katika pambano dhidi ya watani wa jadi Everton, muda mfupi baada ya kufunga bao. Aliporejea, nafasi yake ilikuwa imeanza kuponyoka. Sadio Mane aliwasili mwaka 2016, Mohamed Salah mwaka 2017, nao pamoja na Roberto Firmino wakaunda safu ya mbele ambayo kocha Jurgen Klopp hakuwa na sababu ya kuivunja. Origi akapelekwa Wolfsburg ya Ujerumani kwa mkopo, ambako alifunga mabao sita ya ligi. Jina lake lilikosekana katika kikosi cha Ubelgiji kilichokwenda Kombe la Dunia la 2018.

Hapo ndipo wengi waliposema kwamba muda wake umekwisha.

Mabao yaliyogeuza mjadala

Desemba 2, 2018, Origi aliingizwa zikiwa zimesalia dakika chache katika debi ya Merseyside ugani Anfield. Hiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ligi msimu huo. Katika dakika ya 96, mpira uligonga mwamba wa lango la Everton baada ya kipa Jordan Pickford kushindwa kuudhibiti, naye Origi akausukuma wavuni kwa kichwa. Mchezo ukaisha 1-0.

Mei 4, 2019, aliingia badala ya Salah aliyekuwa ameumia na kufunga bao la tatu katika dakika ya 86 ugenini Newcastle, Liverpool ikashinda 3-2. Siku tatu baadaye, Salah na Firmino wakiwa majeruhi, alianzishwa dhidi ya Barcelona katika nusu-fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Liverpool ilikuwa imelazwa 3-0 nchini Uhispania. Origi alifungua karamu ya mabao dakika ya saba, Georginio Wijnaldum akaongeza mawili, kisha Origi akahitimisha dakika ya 79 kutokana na kona iliyopigwa upesi na Trent Alexander-Arnold walinzi wa Barcelona wakiwa wamezubaa. Matokeo yakawa 4-0.

Juni 1, 2019 jijini Madrid, aliingia dakika ya 58 badala ya Firmino na kufunga bao la pili dakika ya 87. Liverpool ikailaza Tottenham 2-0 na kutawazwa mabingwa wa Ulaya. Upande wa pili, kiungo Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, alikuwa miongoni mwa akiba wa Tottenham na hakuingia uwanjani. Miaka tisa kabla, katika jiji hilo hilo, kakake McDonald Mariga alikuwa benchi Inter Milan ilipotwaa kombe hilo mwaka 2010. Ndugu wawili, fainali mbili, na wote wawili hawakugusa mpira. Mkenya anajua fika maana ya kuwa mchezaji wa akiba.

Hoja za waliotaka abaki

Waliomtetea Origi walikuwa na hesabu iliyo rahisi kueleweka. Bao lake dhidi ya Everton mwaka 2018 na lile la Newcastle mwaka 2019 yaligeuza sare mbili kuwa ushindi, maana yake ni pointi nne za ziada. Msimu huo Liverpool ilimaliza na pointi 97 dhidi ya 98 za Manchester City. Bila Origi, mbio hizo zingezimika mapema.

Mambo yalijirudia msimu wa 2021-22. Alicheza mechi saba tu za ligi, zote akitokea benchi, lakini alifunga mabao matatu. Moja lilikuwa bao la pekee dhidi ya Wolves katika dakika ya 94, Desemba 4, 2021. Siku tatu baadaye alifunga bao la ushindi dhidi ya AC Milan ugani San Siro. Aprili 24, 2022 aliifunga Everton tena, Liverpool ikashinda 2-0. Ligi iliisha City ikiwa na pointi 93 na Liverpool 92.

Aidha, watetezi hao walisema, si kila mshambulizi anayekubali kukaa benchi bila kununa. Nyota anayezoea kuanza hukosa subira, na kinyongo chake huambukiza wenzake. Mchezaji anayefanya mazoezi kwa bidii, asiyelalamika na aliye tayari kuitwa dakika ya 85, ni hazina isiyoonekana katika takwimu.

Hoja za waliotaka aondoke

Upande wa pili haukuwa na hoja dhaifu. Kwanza, walisema kumbukumbu tamu zisichukuliwe kuwa kipimo cha kazi ya kila siku. Katika msimu wa 2020-21 Liverpool ilikumbwa na majeraha mengi na ilihitaji mabao, lakini Origi hakufunga hata moja katika mechi tisa za ligi alizocheza. Kama akiba haipatikani wakati wa njaa, waliuliza, faida yake ni nini?

Pili, walitaja mahitaji ya mfumo. Safu ya mbele ya Klopp iliwabana wapinzani tangu katika eneo lao, na wakosoaji walimwona Origi kuwa hakufaa sana kazi hiyo. Ndiyo maana, kwa maoni yao, klabu iliwaleta Takumi Minamino, Diogo Jota na baadaye Luis Diaz, ambaye alisajiliwa Januari 2022.

Tatu ni suala la pesa. Kila nafasi kikosini ina mshahara wake, na kila mwaka mchezaji anaobaki bila kucheza, bei yake sokoni hushuka.

Hesabu za klabu

Ili kuupima mjadala huu kwa haki, ni muhimu msomaji aelewe jinsi klabu zinavyohesabu gharama. Mchezaji anaponunuliwa, ada yake husambazwa katika vitabu vya hesabu kwa miaka ya mkataba. Mathalan, mchezaji aliyenunuliwa kwa pauni milioni 10 kwa mkataba wa miaka mitano huhesabiwa kuwa gharama ya milioni mbili kila mwaka. Mkataba huo ukiisha, vitabu vinaonyesha kwamba hadaiwi chochote. Kwa hivyo klabu inayomwachilia bila ada haipati hasara kwenye karatasi, ingawa inapoteza fedha ambazo ingepata kwa kumuuza mapema.

Uhuru wa mchezaji kuondoka bila ada unatokana na hukumu iliyotolewa Desemba 15, 1995 na Mahakama ya Haki ya Ulaya katika kesi ya Jean-Marc Bosman, mwanasoka wa Ubelgiji aliyezuiwa kuihama RFC Liege ilhali mkataba wake ulikuwa umekwisha. Kwa sadfa, hukumu hiyo ilitoka mwaka ule ule ambao Origi alizaliwa katika nchi hiyo hiyo. Mkataba wake na Liverpool ulipokwisha mwaka 2022, aliitumia haki hiyo na kujiunga na AC Milan kwa miaka minne.

Kanuni za mchezo nazo zina uzito. Katika misimu yake miwili ya mwisho Anfield, Ligi Kuu ya Uingereza iliruhusu timu kubadilisha wachezaji watatu pekee kwa mechi. Kuanzia msimu wa 2022-23, idadi iliongezwa hadi watano. Kwa maneno mengine, Origi aliondoka pale ambapo mlango wa wachezaji wa aina yake ulikuwa ukifunguliwa zaidi.

Yaliyofuata

Mcheza kwao hutunzwa. Origi aliagwa Anfield kwa heshima kubwa, na Klopp alimtaja kuwa gwiji wa klabu. Alikuwa amecheza mechi 175 na kufunga mabao 41, sita kati ya hayo dhidi ya Everton. Alikuwa ameshinda Klabu Bingwa Ulaya, Ligi Kuu ya 2019-20, Kombe la Dunia la Klabu, Kombe la FA na Kombe la Ligi.

Ugenini mambo hayakuwa hivyo. Katika msimu wake wa kwanza Milan alifunga mabao mawili tu katika mechi 27 za ligi. Alipelekwa Nottingham Forest kwa mkopo msimu wa 2023-24, akacheza mechi 20 za ligi bila bao. Aliporejea Milan hakupewa nafasi, na katika msimu wa 2024-25 hakucheza hata mechi moja ya ushindani katika kikosi cha kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 29 msimu huo ulipoanza, umri ambao washambulizi wengi huwa katika kilele chao.

Matokeo hayo yamezipa pande zote mbili silaha mpya. Waliotaka aondoke husema yanathibitisha kwamba Liverpool haikupoteza kitu. Waliomtetea hujibu kwamba yanathibitisha jambo tofauti: mchezaji aliyekaa benchi kwa miaka mingi kwa manufaa ya klabu ndiye aliyelipa gharama, kwa kuwa miguu isiyocheza kila wiki husahau kazi.

Jinsi ya kupima

Historia ina mifano mingine. David Fairclough aliingia akitokea benchi na kuifungia Liverpool bao la ushindi dhidi ya Saint-Etienne Machi 1977, na hadi leo hukumbukwa kwa usiku huo. Ole Gunnar Solskjaer aliipa Manchester United ubingwa wa Ulaya mwaka 1999 akitokea benchi, lakini yeye alifunga jumla ya mabao 126 kwa klabu hiyo. Tofauti baina yao yafundisha kwamba neno "akiba" hubeba wachezaji wa aina nyingi.

Kwa mintarafu hiyo, shabiki anayetaka kubishana kwa haki hana budi kutenganisha maswali matatu. La kwanza ni mchango uliopita: je, mabao yake yalibadilisha matokeo? La pili ni mahitaji yajayo: je, timu itamhitaji kwa dakika ngapi msimu ujao, na nani mwingine anaweza kuzijaza? La tatu, ambalo husahaulika sana, ni maslahi ya mchezaji mwenyewe: je, kubaki kunamjenga au kunammaliza?

Katika suala la Origi, jibu la swali la kwanza halina utata. La pili lilikuwa na utata hata mwaka 2022, na klabu iliamua kumleta Darwin Nunez na kusonga mbele. La tatu ndilo chungu. Kijana aliyefunga katika Kombe la Dunia akiwa na miaka 19 alianzishwa mara chache mno katika miaka ambayo angeng'aa zaidi, na alipotafuta uwanja wa kuchezea, ulikuwa umemwia mgeni.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini walizungumzia nafaka ghalani. Mwanasoka ni binadamu. Ana miaka michache tu ya kucheza, na mashabiki wanaoshangilia bao la dakika ya 96 wafaa kuikumbuka pia ile miezi aliyokaa benchi akilingoja.