Brazil: Sheria ya misitu kwa wakulima wadogo na wakubwa

Je, mwenye hekta 20 na mwenye hekta 20,000 wabebeshwe mzigo mmoja wa kulinda misitu? Nchini Brazil swali hilo limezusha mabishano ya miaka mingi.

Sheria ya Misitu, iliyotiwa saini na Rais Dilma Rousseff mwezi Mei mwaka 2012, inawataka wenye mashamba wabakize sehemu ya uoto wa asili: asilimia 80 katika maeneo ya msitu ya Amazon, na asilimia 20 katika sehemu kubwa ya nchi iliyosalia.

Nani mdogo?

Kipimo ni moduli, ambayo hupangwa kwa kila manispaa, kuanzia hekta 5 hadi 110. Mdogo ni yule ambaye shamba lake halizidi moduli nne. Hivyo kikomo huwa hekta 20 mahali pamoja, na hekta 440 mahali pengine.

Nafuu

Mkulima mdogo aliyefyeka kabla ya tarehe 22 Julai 2008 halazimiki kufikia asilimia hizo. Hulinda uoto uliokuwapo siku hiyo. Mwenye shamba kubwa hana budi kupanda upya, kuacha miti iote yenyewe, au kufidia kwa msitu ulioko kwingine.

Kando ya mito iliyokuwa imeshalimwa kabla ya tarehe hiyo, mwenye moduli moja hurejesha ukanda wa mita 5, mwenye mbili mita 8, na mwenye nne mita 15. Wakubwa hurejesha kati ya mita 20 na 100.

Ili kuzuia hila ya kugawa shamba vipande vipande, sheria huangalia ukubwa wake wa tarehe hiyo hiyo.

Hoja

Wanaotetea nafuu husema kuwa mkulima mdogo akitengewa msitu mkubwa, ardhi inayobaki haitoshi kulisha jamaa yake.

Wanamazingira hujibu kwamba huo ni msamaha kwa waliovunja sheria, na kwamba mto haujui ukubwa wa shamba unalopitia.

Mwezi Februari mwaka 2018, Mahakama ya Juu iliviacha vifungu vingi vya sheria hiyo vilivyo.

Kila shamba lazima lisajiliwe, na wadogo husajiliwa bila malipo. Lakini taarifa hutolewa na mwenye shamba mwenyewe, na ukaguzi wa majimbo umekuwa wa kusuasua. Bila ukaguzi, tofauti kati ya mdogo na mkubwa hubaki katika karatasi.